SOMO LA UFUNDI: GANDA DOGO LA RIMOTI YA GARI

Somo la safari hii limetokana na swali la mama mmoja anayeendesha Toyota Noah ya kubeba watoto wa shule. Alikuja na rimoti yake imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, maana ganda lilikuwa limepasuka pale pa kutilia pete. Akasema, "Mwalimu, hiki kitu ni kikubwa kama kipande cha sabuni. Nikikitia mfukoni kinabonyezwa na goti. Nikiwa ndani ya Gikomba nachagua mitumba, huku nje milango inajifungua yenyewe. Hamwezi kunitengenezea kadogo?"

Tunaweza, tena kwa vifaa vinavyopatikana hapa hapa mtaani. Ganda la plastiki la kununua lipo, ukishuka Kirinyaga Road utalipata, lakini hilo ni kubwa vile vile kama la kwanza na huvunjika pale pale. Huyu mama alitaka dogo, na ganda dogo halinunuliwi, linachongwa. Basi vijana wetu wakaona hapo pana kazi. Mimi pia naona hivyo. Lakini kazi hii iliwahi kunitia aibu, na nitaanza na hiyo aibu ili nyinyi msiirudie.

MAKOSA YANGU

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu, mzee wa teksi, aliniletea ufunguo wa gari yake. Ulikuwa wa aina ya zamani kidogo: chuma chenye meno mbele, kichwa cha plastiki nyuma, na batani mbili. Kichwa kilikuwa kimechakaa kabisa. Nikakifungua, nikatoa ile bodi ndogo ya rimoti, nikaichongea ganda zuri la mti wa mvule. Kile chuma nikakishika kwa gundi na pini. Ganda la zamani nikalitupa kwenye debe la taka pamoja na maranda.

Mzee alifurahi sana. Tukaenda kwenye gari, akabonyeza, milango ikafunguka, sote tukacheka. Akaingia, akatia ufunguo, akazungusha. Taa za dashibodi zikawaka, stata ikazunguka, lakini injini wapi! Haikushika. Tulijaribu hadi magharibi. Mwishowe tukamwita fundi wa umeme wa magari, naye akauliza swali moja tu: "Ile chipu uliiweka wapi?"

Nikamwuliza, chipu gani?

Kumbe ndani ya lile ganda la zamani, mbali na bodi ya rimoti, kulikuwa na kidude kimoja cheusi kisichozidi punje mbili za mchele kwa urefu, kimepachikwa kwenye kitundu chake. Hakina waya wala betri, ndiyo maana sikukiona. Bila hicho kidude gari haikubali kuwaka. Debe la taka lilikuwa limeshamwagwa. Kwa siku mbili tulichambua jaa, mimi na kijana wa yule mzee, mpaka tukaipata nusu ya ganda ikiwa na chipu bado ndani. Ilikuwa bahati tu. Siku mbili gari ya kazi ilikaa bila kuingiza hata shilingi, na mzee hakunitukana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

KILICHOMO NDANI

Kwa hivyo kabla ya msumeno na tupa, tujue tunajengea nini nyumba. Rimoti za magari si za jana. Renault Fuego ya Ufaransa ilikuwa nayo tangu mwaka 1982, ikawa kati ya magari ya kwanza kabisa kuuzwa hivyo. Lakini wakati ule ilikuwa ya kufungua na kufunga milango tu. Siku hizi kitu hicho kimoja mkononi mwako kinafanya kazi mbili tofauti, na watu wengi hudhani ni moja.

Kazi ya kwanza ni ile ya batani. Ukibonyeza, bodi inatumia betri kupeleka mawimbi ya redio mpaka kwenye gari. Kwa magari yaliyotengenezewa soko la Japani, ambayo ndiyo mengi hapa kwetu, mawimbi hayo huwa karibu na megahezi 315; kwa yale ya Ulaya mengi ni 433. Ujumbe wenyewe ni namba, na namba hiyo hubadilika kila unapobonyeza, ili mwizi akiinasa ya leo isimfae kesho. Mtindo mmoja mashuhuri wa namba hizi zinazobadilika, uitwao KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980, ukauzwa kwa kampuni ya Marekani ya Microchip mwaka 1995 kwa zaidi ya dola milioni 10. Nawatajia hayo kwa sababu vijana wetu hupenda kusema ufundi kama huu hauwezi kutoka Afrika.

Kazi ya pili ni ile ya chipu. Hii ndiyo inayoiambia gari, "Ndiyo, huyu ni mwenyewe, washa." Katika ufunguo wenye meno, chipu haina betri hata kidogo. Pale unapotia ufunguo pana koili ya waya imezunguka tundu. Hiyo koili ndiyo inayoipa chipu nguvu na kuiuliza namba yake. Nguvu yenyewe haifiki mbali, ni sentimita chache tu. Ndiyo sababu chipu hukaa kwenye shingo ya ufunguo karibu na chuma, na ndiyo sababu ukiihamishia mkiani mwa ganda lako jipya gari inaweza kukataa kuwaka hata kama chipu ni nzima. Umoja wa Ulaya ulilazimisha magari mapya yawe na kinga hii kuanzia mwaka 1998, na leo ni nadra kukutana na gari ndogo ya miaka ya karibuni isiyo nayo.

Katika rimoti za magari ya kuwasha kwa batani, kama Noah ya yule mama, chipu iko juu ya bodi ile ile, kwa hivyo hatari ya kuitupa ni ndogo. Lakini hizo nazo zina siri yao. Ndani ya ganda kumechomekwa ufunguo mwembamba wa chuma, wa dharura, wa kufungulia mlango betri ikifa. Mafundi wengi wanaopunguza ganda huutoa na kuusahau. Sisi tuliutoa pia, maana ni mrefu kuliko ganda jipya, lakini tulimkabidhi mama mkononi, tukamwambia autie kwenye pete ya funguo za nyumba. Asiuache ndani ya gari! Ukifungiwa nje utausaidiaje?

Kanuni ya darasa letu ikawa hii: ganda la zamani halitupwi mpaka gari iwake mara tatu kwa ganda jipya, na hata baada ya hapo anapewa mwenyewe, alitupe akitaka.

VISIVYOPUNGUZWA

Kijana mmoja wa darasa, hodari sana wa mikono, aliona bodi ina ukingo wa milimita mbili usio na kitu. Akaona apige tupa kidogo ili ganda liwe dogo zaidi. Bahati ilikuwa rimoti mbovu ya mazoezi. Ule mstari wa shaba unaozunguka ukingo ndio eria, yaani antena. Ukiukata umekata ulimi wa rimoti. Taa itawaka kila ukibonyeza lakini gari haitasikia neno, au itasikia ukiwa umeiegemea. Bodi haipigwi tupa. Haitobolewi. Haichomwi risasi na mtu asiyejua. Ganda ndilo linalofuata bodi.

Betri nayo watu hupenda kuichezea. Rimoti nyingi hutumia betri bapa ya volti 3 iliyoandikwa CR2032. Hizo namba zina maana, wala si za urembo: 20 ni upana wake kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Ipo pia CR2016, upana ule ule, unene milimita 1.6 tu. Kwa macho utasema, "Hapa nitaokoa unene." Kweli utaokoa milimita moja na nusu, lakini nguvu iliyomo haifiki hata nusu ya ile ya CR2032, na vile vibao vya chuma vinavyoshika betri havitaigusa sawasawa mpaka uvikunje. Mteja atarudi baada ya miezi michache akilalamika kwamba ganda lako linakula betri. Mimi ushauri wangu ni kuacha betri aliyoiweka mtengenezaji.

Basi ganda linapungua kwa wapi? Kwa hewa tu. Chukua rula. Ganda la zamani la yule mama lilikuwa milimita 70 kwa 38, unene 15. Bodi yake pamoja na betri ilikuwa 40 kwa 25, unene 7. Tukaweka ukuta wa milimita 3 kila upande, na kifuniko cha milimita 2 juu na chini. Tukapata 46 kwa 31, unene 11. Ukipiga hesabu ya ujazo, hilo jipya halifiki hata nusu ya la zamani. Nafasi iliyobaki yote ilikuwa ya ule ufunguo wa dharura na ya kulipa umbo la kupendeza mkononi.

KWA NINI SI BATI

Sisi ni majirani wa Kamukunji. Tangu asubuhi mpaka jioni masikio yetu yanasikia nyundo, na kijana wa hapa akiambiwa "tengeneza kisanduku" mkono wake unakwenda kwenye bati. Hapa bati halifai. Fanya jaribio hili darasani: tia rimoti ndani ya mkebe wa chuma, ule wa majani ya chai au wa biskuti, funga kifuniko vizuri, halafu ubonyeze gari ikiwa karibu. (Utabonyezaje ikiwa ndani? Kwa gari ya batani huhitaji kubonyeza. Shika mkebe mkononi, guse kitasa cha mlango uone kama gari itakutambua.) Mawimbi ya redio hayapiti kwenye chuma kilichofungika pande zote. Alumini ni hivyo hivyo, hata ile nyembamba ya kufungia chakula.

Jaribio hilo lina faida ya pembeni. Kuna wizi siku hizi wa wawili wawili: mmoja anasimama na kifaa karibu na mlango wa nyumba yako, mwenzake karibu na gari, na wanarefusha mawimbi ya rimoti iliyo mezani mwako mpaka gari idhani uko hapo. Mwenye gari ya aina hiyo akilaza rimoti ndani ya mkebe wa chuma usiku, njia hiyo imefungwa. Wenzetu wa Kamukunji wanaweza kuuza mikebe hiyo, na mimi sitadai kamisheni.

Basi ganda liwe la kitu kisicho chuma. Mti mgumu unafaa, ila ukuta wa milimita 3 hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Ngozi unaipata Kariokor, soko ambalo jina lake limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Chagua ile iliyolainishwa kwa magome. Ukiilowesha na kuikandamiza juu ya kipande cha mti chenye umbo la bodi, hukauka na umbo hilo. Ni njia rahisi ya kuanzia lakini haizuii maji. Sisi tulichagua pembe la ng'ombe.

PEMBE

Muulize mama yeyote anayeuza supu ya kichwa mabaki yake huyapeleka wapi. Pembe ni kitu kile kile cha kucha zako, na lina tabia ambayo mti hauna: likipata joto linalainika, likipoa linashika umbo ulilolipa. Huko Ulaya, kabla plastiki haijafika, watu walitengeneza vitana, vifungo vya nguo na hata vioo vya taa za mkononi kwa pembe, maana ukilichonga likawa jembamba linapitisha mwanga. Hilo litatufaa baadaye.

Neno moja la tahadhari. Tunasema pembe la ng'ombe. Pembe za ndovu na kifaru usiziguse hata ukiletewa kipande kidogo na mtu wa heshima. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali kwa anayekutwa nazo. Na kwa kuwa pembe lililong'arishwa huweza kumchanganya mtu asiyelijua, weka mezani kipande kimoja kibichi cha ng'ombe, ukiulizwa unaonyesha.

Chemsha pembe kwenye sufuria ya zamani (si ya nyumbani, mtagombana) mpaka mfupa wa ndani ulegee uweze kuuvuta. Kata ile ncha ngumu, uiweke, tutaihitaji. Lile bomba lililobaki lipasue kwa msumeno wa chuma kwa urefu, mstari mmoja. Lirudishe kwenye maji yanayochemka hadi lilainike, ulivute kwa koleo mbili lifunguke kidogo kidogo. Ukilazimisha litapasuka, basi rudisha kwenye maji, vuta tena. Likishafunguka, libane kati ya vipande viwili vya chuma bapa kwenye jiliwa, uliache hadi kesho. Asubuhi utakuta ubao. Kazi hii ifanyike nje kwenye hewa. Harufu yake ni ya nywele zilizoungua, na majirani wa ukumbi walitulalamikia kwa haki. Wakati wa kukata na kupiga msasa, funga pua na mdomo kwa kitambaa au barakoa, kwani vumbi lake si zuri kwa kifua.

Kabla ya kukata pembe, tengeneza ganda la uongo kwa soli ya patapata iliyochakaa. Ile sponji inakatika kwa wembe, na katika nusu saa utajua kama mkono wa mteja unaridhika na ukubwa huo. Yule mama alishika la kwanza akasema ni dogo mno kidole kinakosea batani. Tukahamisha matundu ya batani milimita mbili. Bora kukosea kwenye patapata.

KUUNGA

Tunaunga tabaka tatu kama mkate wenye nyama katikati. Sakafu, fremu, na kifuniko. Fremu ndiyo yenye tundu la umbo la bodi. Kwa kuwa unene wake ni milimita 7 na ubao wa pembe mara nyingi ni mwembamba, bandika mbao mbili au tatu za fremu kwa gundi ya mchanganyiko wa chupa mbili. Usitumie ile gundi ya haraka karibu na bodi. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vibao vya betri.

Piga bodi picha kwa simu pande zote mbili kabla ya kuitoa katika ganda lake. Ishike kwa ukingo, mikono iwe imeoshwa na kukauka. Iingie kwenye fremu kwa kuteleza, isibanwe wala isichezecheze. Ikicheza, weka kipande cha sponji ile ile ya patapata chini yake.

Batani ndizo zinazotofautisha fundi na mchongaji. Toboa kifuniko kwa keekee milimita 5 juu ya kila swichi. Sasa ichukue ile ncha ngumu ya pembe, uichonge vijiti vidogo vyenye kichwa chini, kama msumari uliogeuzwa, ili vipande juu vikitokeza lakini visianguke nje. Kati ya kijiti na swichi pabaki nafasi ya unene wa karatasi. Ukiikosa nafasi hiyo swichi itakaa imebonyezwa wakati wote, na betri mpya itakufa ndani ya muda mfupi. Jinsi ya kujua: funga ganda, litikise, halafu angalia ile taa ndogo. Ikiwaka bila kuguswa, fungua upunguze kijiti. Na pale juu ya taa usitoboe kabisa. Kwangua pembe kwa upande wa ndani mpaka libaki jembamba kama ukucha, mwanga utapenya wenyewe. Wateja hulipenda jambo hili kuliko yote, na ndilo rahisi kuliko yote.

Msasa anzia 120, uende 400, umalizie 800. Kung'arisha, majivu laini na kitambaa chenye mafuta kidogo yatatosha.

Ukijaribu batani mara nyingi ukiwa mbali na gari usishtuke mlango ukikataa mara ya kwanza. Ile namba inayobadilika imetangulia. Kwa rimoti nyingi, ukibonyeza mara mbili mfululizo karibu na gari zinapatana tena. Halafu fanya jaribio la mwisho ambalo wengi hawalifanyi: toa betri, fungua mlango kwa ufunguo wa dharura, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye batani ya kuwashia, kisha ubonyeze. Kwenye Toyota za aina hii gari inatakiwa iwake hata bila betri. Upande unaokubali, uwekee alama ndogo kwa msumari, umwonyeshe mwenyewe.

SKRUBU, NA KWA NINI

Mafundi wa haraka hufunga ganda kwa kubana tu, au kwa sumaku, likafunguka kwa ukucha. Linapendeza. Sisi darasani tumekataa.

Hiyo betri ya CR2032, mtoto akiimeza, inaweza kukwama kooni. Si sumu ya ndani inayomwumiza kwanza. Umeme wake ukigusana na unyevu wa koo hutengeneza kemikali inayounguza nyama, na madhara makubwa yanaweza kutokea katika saa mbili tu. Hata betri iliyokwisha, ambayo haiwezi tena kuendesha rimoti, bado ina nguvu ya kuunguza. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria, iliyopewa jina la mtoto Reese aliyekufa kwa betri kama hiyo, kwamba vifaa vyenye betri hizi vifungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kuvifungua.

Fikirini gari ya yule mama, imejaa watoto wa nasari, na rimoti imewekwa hapo mbele. Kwa hivyo ganda letu lina skrubu mbili ndogo, zinazohitaji bisibisi. Zinaongeza milimita chache pembeni, acha ziongezeke. Zilizokwisha zifunge kwa selotepu pande zote mbili ndipo uzitupe, usizirundike kwenye kikombe cha karakana.

Na ikitokea mtoto amemeza, au mnashuku tu, mkimbizeni hospitali sasa hivi wala msingoje dalili. Msimtapishe. Madaktari wa kituo cha sumu cha Washington wanashauri kwamba mtoto aliyezidi mwaka mmoja apewe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, kama asali iko karibu. Mtoto wa chini ya mwaka asipewe. Asali haitibu, inapunguza kuungua tu, na hakuna kusimama njiani kuitafuta. Mwambieni daktari ni betri, na mkiwa nayo nyingine ya aina ile, mwonyesheni.

DAFTARI

Mtu anayekupa rimoti ya gari yake amekupa gari. Msomaji mmoja wetu aliuliza kama ni lazima kumwuliza mteja maswali mengi, asije akakimbilia kwa mwingine. Ni lazima. Gari yenyewe ije, iwe mbele ya karakana, na mwenyewe awepo unapofungua. Andika kwenye daftari jina, namba ya gari, namba ya kitambulisho, tarehe, na hali ya rimoti ilivyofika: taa inawaka, batani ipi haifanyi, chipu ilionekana, ufunguo wa dharura upo. Nyote wawili mtie sahihi. Rimoti isilale kwako. Kazi isiyokwisha leo, mrudishie katika ganda lake la zamani, arudi kesho. Ganda lenyewe unaweza kulichonga kwa vipimo ulivyoandika, bila bodi, na kuiweka bodi siku ya mwisho kwa dakika chache akiwa ameketi anaangalia.

Akija kijana na rimoti bila gari, akasema "ni ya mjomba", mwambie mjomba aje. Wengine watanuna. Pia kataa kazi ambayo rimoti ilifika imekufa ila mteja anasema ilikuwa nzima jana. Mpeleke kwanza kwa fundi wa umeme, maana ukiifungua tu imekuwa yako.

Bei mkatiane kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa. Pembe ni la bure au karibu na bure, kwa hivyo mteja atakwambia, "Si ni pembe tu?" Mhesabie saa. Letu la kwanza lilichukua siku tatu. La nne lilichukua siku moja na nusu, bila kuhesabu usiku wa jiliwa.

Yule mama alirudi baada ya wiki mbili. Milango haijifungui tena Gikomba. Lakini alikuwa na lawama: ganda limekuwa dogo kiasi kwamba juzi lilimpotea ndani ya mkoba wake mwenyewe, watoto wakamngoja kwenye geti dakika kumi. Tukatoboa tundu la pili pembeni, tukatia kamba nyekundu ya urefu wa shubiri, sasa anaifunga kwenye pindo la leso.